Kushusha na Kurekebisha Silinda Hedi ya Corolla 110 Uani Kwako

Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu) na bloku, haiungui bure. Magari mengi hurudi gereji miezi michache baada ya hedi kushushwa kwa sababu gasketi ilibadilishwa, lakini kilichoiunguza kikaachwa pale pale. Kukaza boliti kumi ni kazi ya nusu saa. Uzima wa injini unaamuliwa na yale yanayotangulia: kupima, kusafisha, na kutafuta joto lilitoka wapi.

Maelezo haya ni ya injini ya 5A-FE ya cc 1,498, ile ya Toyota Corolla AE110 ambayo wengi tunaiita 110 tu. Vipimo karibu vyote vinalingana na vya 4A-FE. Kwa anayefanya kazi nyumbani, hii ndiyo injini ya kujifunzia: bloku ni ya chuma cha kutupwa, taiming (mfumo unaofungua valvu kwa wakati wake) ni ya mkanda, nafasi ya kuingiza mkono ipo, na vipuri vinapatikana Kariakoo (Dar es Salaam), Kirinyaga Road (Nairobi) na Kisekka (Kampala). 1NZ-FE ya Probox na IST ni habari nyingine. Taiming yake ni ya cheni, kava ya mbele imegandishwa kwa silikoni na ndani yake ndimo ilimo oili pampu, na bloku nayo ni ya aluminiamu. Asiyewahi kushusha hedi asianzie hapo.

Kwenye 5A, hedi ya aluminiamu imekaa juu ya bloku ya chuma. Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kutupwa, kwa hiyo kila injini inapopata moto hedi husogea kidogo sana juu ya gasketi, na ikipoa inarudi. Gasketi nzima huvumilia mwendo huo miaka mingi. Gari likichemsha, hedi inataka kutanuka kuliko kawaida, boliti zinaizuia, na mahali pa kwenda hapana isipokuwa kupinda. Ikipoa, sehemu ya ule mpindo inabaki. Hapo tayari pamepatikana uwazi, na moto wa silinda utaupata.

Kwanza hakikisha ni hedi

Dalili zinazojulikana ni maji kupungua bila kuvuja nje, moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, mapovu kwenye rejeta, paipu ya juu kuwa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha, na oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Dalili hiyo ya mwisho inadanganya. Ute mweupe chini ya mfuniko wa oili peke yake huletwa na unyevu wa safari fupi fupi, hasa nyanda za juu zenye baridi ya asubuhi. Chomoa dipstiki. Kama oili ya kwenye dipstiki ni safi, usihukumu hedi kwa sababu ya mfuniko.

Kipimo cha kuaminika ni kompresheni. Pasha injini mpaka joto la kawaida, toa plagi zote nne, chomoa soketi ya distribyuta ili cheche na mafuta vikatike kwa pamoja, mtu akanyage eksileta mpaka chini, kisha piga stata ukisoma geji silinda moja baada ya nyingine. Betri iwe na chaji kamili, la sivyo namba zote zitashuka na utaogopa bure. Injini nzima ya aina hii husoma karibu psi 191 (psi ni kipimo cha presha). Chini ya psi 142 ni ugonjwa, na silinda hazitakiwi kupishana zaidi ya psi 14. Silinda mbili zinazopakana, tuseme ya 2 na ya 3, zikishuka pamoja huku za pembeni zikiwa nzima, gasketi imekatika katikati yao. Silinda moja ikiwa chini, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Namba ikipanda sana, ringi za pistoni zimekwisha, na kushusha hedi hakutatibu hilo. Ikibaki pale pale, tatizo liko kwenye valvu au gasketi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kufungua nati ya kwanza

Toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, haina mbadala. Kama huna, azima au kodi. Anayesema mkono wake unajua nguvu ya Nm 29 (nyuton-mita, kipimo cha kukaza) hajawahi kuulinganisha mkono huo na kipimo. Tafuta pia soketi ya boliti za hedi na uijaribu mapema, kwa kuwa vichwa vyake si vya spana ya kawaida, na soketi isiyokaa sawasawa itakula meno ukabaki na boliti usiyoweza kuitoa. Fila geji (majani membamba ya chuma ya kupimia mwanya) yenye jani la 0.05 mm, rula ya chuma iliyonyooshwa kiwandani (ile ya kuchorea ya fundi seremala haitoshi), maikromita, kibano cha springi za valvu, na boliti fupi ya M6 yenye hatua ya uzi 1.0 na urefu wa mm 16 hadi 20. Kazi ya hiyo boliti ndogo tutaifikia.

Vipuri: seti kamili ya gasketi za juu yenye oili sili za valvu, mkanda wa taiming na bearing ya kiegemeo chake kinachoukaza, sili ya kemshafti (shafti ya juu inayofungua valvu), themostati, mfuniko wa rejeta, oili na filta mbili, na kulanti (dawa ya kupozea injini) ya kutosha. Wota pampu ibadilishwe sasa hivi kama ina dalili yoyote ya kulia au kuvuja, maana ukishafika kwenye mkanda umeshaifikia. Boliti za hedi mpya ni bora. Kama unarudisha za zamani, zisafishe kwa brashi ya waya na uzilaze sambamba moja kando ya nyingine. Iliyonyembamba katikati ya uzi, iliyopinda au yenye kutu iliyokula chuma, itupe.

Kushusha

Injini iwe baridi kabisa. Iache ilale usiku mzima. Hedi ya aluminiamu iliyofunguliwa ikiwa na joto huachia mkazo bila mpangilio na inaweza kupinda mikononi mwako.

Toa waya hasi wa betri. Mwaga maji ya rejeta, kisha fungua pia plagi ya kumwagia maji ya kwenye bloku yenyewe. Ukiiacha, maji yaliyobaki yatamwagikia kwenye silinda na kwenye matundu ya boliti siku ya kunyanyua hedi. Kinga kulanti kwenye ndoo na uifunike, kwa sababu ni tamu na ni sumu, na nyumbani kuna watoto, kuku na mbwa. Mwaga oili pia, hata kama ni ya juzi.

Bomba la petroli lina presha. Lifunike kwa kitambaa, legeza boliti yake taratibu mpaka presha iishe, ndipo uitoe, na pasiwe na sigara wala jiko la mkaa karibu. Piga picha kila hatua. Kila soketi ya waya na kila paipu ya vakyumu ipate kipande cha tepu chenye namba, na namba hiyo hiyo iandikwe upande wa pili inakochomekwa. Boliti za kila sehemu zikae kwenye mfuko wake. Kwenye 110, paipu ndogo za vakyumu zinafanana sana, na ikikosewa moja tu, mizunguko ya injini itapanda na kushuka mpaka utadhani hedi imekosewa.

Zungusha krenkshafti (shafti kuu ya chini inayozungushwa na pistoni) kwa spana, kwa mwelekeo wa saa, mpaka mkato wa puli ya chini ulingane na 0 kwenye kava, na tundu dogo la puli ya kemshafti lilingane na alama ya kepu ya kwanza. Hapo pistoni ya 1 iko juu kabisa ikiwa kwenye kugandamiza. Kama tundu halionekani, zungusha mzunguko mmoja zaidi. Weka alama mahali rota ya distribyuta inapoelekea, na alama nyingine kati ya mwili wa distribyuta na hedi. Ili kuutoa mkanda, egemeza injini kwa jeki yenye ubao juu yake chini ya sampu (trei ya oili), kisha toa mauntingi ya kulia.

Sasa kemshafti. Moja kati ya hizi mbili ina gia ya vipande viwili vinavyosukumana kwa springi ili gia zisipige kelele. Kabla ya kulegeza kepu zake, funga vipande hivyo pamoja kwa ile boliti ya M6. Usipofanya hivyo springi itajifungua kemshafti ikitoka, na kuirudisha bila vifaa ni mateso. Kepu zote zilegezwe kidogo kidogo, kwa mizunguko kadhaa, huku ukiangalia kemshafti inanyanyuka ikiwa mlalo. Ikiinuka upande mmoja tu, rudisha kepu na uanze upya. Kemshafti iliyolazimishwa inaweza kukatika au kupasua kitako chake kwenye hedi, na hapo hedi nzima imekwenda.

Boliti kumi za hedi zinafunguliwa kuanzia za pembeni kuelekea katikati, kwa awamu tatu: robo mzunguko zote, kisha nusu, kisha kabisa. Zipange kwenye kadibodi iliyotobolewa kwa mpangilio ule ule. Safu mbili hizi hazilingani urefu: za upande wa hewa ni mm 90, za upande wa ekzosi ni mm 108. Kama hedi imeng'ang'ania, usiingize bisibisi kati ya nyuso mbili. Inyanyue kwa kutumia masikio ya kwenye ukingo wake, mkiwa wawili, kwenda juu wima ili itoke kwenye pini zake. Ilaze juu ya vipande vya mbao. Kama una haraka na umeishusha pamoja na kemshafti zake, kumbuka kuna valvu zilizofunguka zinazochomoza chini ya uso. Ukiiweka kwenye sakafu ya saruji umezipinda.

Isome gasketi kabla ya kuitupa

Hapa watu wengi hupita mbio, nami naona ndipo palipo na faida kubwa kuliko pote. Itandaze gasketi ya zamani juu ya meza. Pete ya chuma inayozunguka silinda ikiwa na mstari mweusi unaovuka kwenda silinda ya jirani, moto ulikuwa unapita hapo. Mstari ukielekea tundu la maji, ndiyo mapovu uliyoyaona kwenye rejeta. Kisha tazama vichwa vya pistoni. Pistoni zenye kaboni nyeusi ya kawaida ni nzima, lakini ile inayong'aa kana kwamba imeoshwa ndiyo iliyokuwa inameza maji. Mvuke umeisafisha. Linganisha mahali hapo na uso wa hedi na wa bloku, utakuta mara nyingi shimo dogo la kutu au mahali palipoliwa.

Kutu nyingi na tope la kahawia kwenye njia za maji maana yake gari limekuwa likitiwa maji matupu. Maji ya kisima yenye chumvi, kama ya sehemu nyingi za pwani, hula aluminiamu kuanzia kwenye kingo za matundu ya maji, mpaka gasketi inakosa pa kukalia. Tope hilo hilo limo ndani ya rejeta. Hakuna hedi itakayodumu juu ya rejeta iliyoziba nusu.

Kusafisha na kupima

Ziba njia za oili na za maji kwa vitambaa, paka grisi kidogo kuzunguka ukingo wa kila pistoni ili inase uchafu. Kwangua mabaki ya gasketi kwa wembe mpana ulioulaza au kipande cha plastiki ngumu, ukilainisha kwa thina. Diski za msasa za kufunga kwenye drili ziepuke kabisa. Hula aluminiamu na kuacha mabonde usiyoyaona kwa macho, na chembe zake zikiingia kwenye oili huzisaga bearing za krenkshafti. Injini inaweza kutoka kwenye kazi ya hedi ikiwa safi juu na kugonga chini kwa sababu hiyo tu.

Matundu ya boliti kwenye bloku yanataka uangalifu wa pekee. Ingiza bisibisi yenye kitambaa, nyonya kila tone la maji na oili, kisha puliza kwa kompresa ukiwa umevaa miwani. Boliti ikishuka juu ya kimiminika, kimiminika hakigandamiziki: ama bloku itapasuka, ama toki renchi itakuambia imefika wakati boliti haijaibana hedi.

Weka rula ya chuma juu ya uso wa hedi katika mielekeo sita: kwa urefu pande zote mbili, kwa upana ncha zote mbili, na mishazari miwili. Jaribu kupitisha fila geji ya 0.05 mm chini yake. Ikipita popote, hedi imepinda kuliko inavyoruhusiwa. Nyuso za manifoldi zina ruhusa ya 0.10 mm. Pima na bloku kwa namna hiyo hiyo, jambo linalosahaulika karibu kila mahali.

Kuna mpindo ambao kuskimu, yaani kukata uso kwa mashine uwe bapa, hakuutibu. Hedi iliyochemka sana hupinda yote kama upinde, na uso wa chini na njia ya kemshafti kwa pamoja. Fundi wa mashine akiskimu uso wa chini, chini patanyooka, lakini vitako vya kemshafti bado vimepinda. Jaribio lake ni rahisi: ukiwa umeshatoa tapeti (vikombe vilivyo kati ya kemshafti na valvu), weka kemshafti moja peke yake, tia oili, kaza kepu Nm 13, uizungushe kwa vidole. Ikizunguka laini, sawa. Ikikwama, hedi hiyo inahitaji kunyooshwa na mtu mwenye vifaa, au kubadilishwa. Ukiilazimisha, kemshafti itakula vitako vyake au itakatika barabarani.

Kwa fundi wa mashine omba vitu viwili, kwa mpangilio huu. Kwanza ipimwe kwa presha: matundu ya maji yazibwe, hewa iingizwe, hedi izamishwe kwenye maji ya moto, ionekane kama kuna mapovu. Nyufa hupenda kukaa kati ya siti za valvu na karibu na tundu la plagi, na nyingine hazifunguki mpaka chuma kipate joto, ndiyo maana maji ya baridi hayatoshi. Usilipie kuskimu hedi yenye ufa. Pili, iskimiwe kiasi kidogo kabisa kinachotosha kuinyoosha. Kila kinachoondolewa kinapandisha kompresheni na kuchelewesha taiming kidogo, na hedi iliyoskimiwa mara nyingi huanza kugonga kwenye petroli ya kawaida. Mwambie pia gasketi utakayotumia, kwa kuwa ile ya tabaka za chuma tupu inataka uso laini zaidi kuliko ya mchanganyiko. Kusugua hedi kwa msasa juu ya kioo kunafaa kuondoa madoa. Mpindo wa 0.15 mm hautoki kwa njia hiyo.

Valvu na shimu

Valvu kumi na sita, kila moja irudi kwenye tundu lake. Toa springi kwa kibano, okota koleti (vipande vidogo vinavyoshikilia springi) kwa sumaku. Tikisa kila valvu kwenye gaidi yake (bomba linaloongoza shina la valvu) ikiwa imetoka kama mm 10. Mchezo unaoruhusiwa hauzidi 0.08 mm kwa valvu za hewa na 0.10 mm kwa za ekzosi, na mchezo mkubwa ndio unaoleta moshi wa bluu asubuhi. Sili mpya ni lazima. Za hewa na za ekzosi hutofautishwa kwa rangi, kwa hiyo soma karatasi ya seti yako kabla ya kuzigonga.

Saga valvu kwa dawa ya kusagia ukizungusha kijiti huku na huku, ukiinyanyua mara kwa mara, mpaka upate pete ya kijivu isiyokatika yenye upana wa mm 1.0 hadi 1.4 katikati ya uso wa valvu. Pete pana zaidi haibani vizuri, na iliyo nyembamba sana inashindwa kupitisha joto la valvu kwenda kwenye hedi. Osha dawa yote, funga springi, tia plagi, pindua hedi, jaza vyumba vya moto mafuta ya taa na uchungulie kwenye matundu ya manifoldi. Yakibaki makavu kwa dakika tano, siti zinashika.

Kila valvu iliyosagwa imezama kidogo kwenye siti yake, kwa hiyo upande wa pili shina limepanda juu na nafasi ya tapeti imepungua. Asiyerudi kupima anaacha valvu ambazo hazifungi vizuri injini ikipata moto, nazo huungua. Funga kemshafti hedi ikiwa bado mezani juu ya mbao, kaza kepu, na upime zote kumi na sita injini ikiwa baridi: za hewa 0.15 hadi 0.25 mm, za ekzosi 0.20 hadi 0.30 mm. Marekebisho ni kwa shimu, visahani vya chuma vinavyokaa kwenye tapeti, zinazopishana unene kwa 0.05 mm. Hesabu yake: unene wa shimu ya sasa, jumlisha nafasi uliyopima, toa 0.20 kwa hewa au 0.25 kwa ekzosi. Valvu ya hewa yenye nafasi ya 0.10 na shimu ya 2.80 inataka shimu ya 2.70. Pima shimu kwa maikromita, maana namba iliyochapwa hufutika. Nyingi utazipata kwa kubadilishana nafasi hizo hizo ulizonazo, na za kununua zitabaki chache.

Kurudisha

Gasketi inawekwa kavu. Hakuna silikoni, hakuna grisi, hakuna rangi ya fedha. Silikoni iliyobanwa hutoka kingoni, ikakatika, ikaziba njia ndogo ya oili inayopanda kwenye kemshafti. Linganisha tundu hilo la oili kwenye bloku na kwenye gasketi kabla ya kushusha hedi, kwa sababu gasketi iliyopinduliwa hukaa karibu sawa, na kosa lake hulijui mpaka kemshafti ianze kulia.

Shusha hedi wima juu ya pini. Paka oili kidogo sana kwenye nyuzi na chini ya vichwa vya boliti, zile za mm 90 upande wa hewa, za mm 108 upande wa ekzosi. Anza katikati, kwenda nje kwa kupishanisha pande. Zungusha zote kwa mikono, kisha zifikishe Nm 29 kwa awamu mbili au tatu. Weka alama ya rangi mbele ya kila kichwa cha boliti. Kwa mpangilio ule ule, kaza kila moja nyuzi 90, yaani robo mzunguko. Rudia nyingine 90. Mwisho alama zote zielekee nyuma ya injini, na jicho litakuonyesha uliyoiruka.

Sababu ya kutumia pembe badala ya namba kubwa ya Nm ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu unayotia huliwa na msuguano wa uzi na kichwa, na msuguano huo hutofautiana boliti hadi boliti. Pembe haijali msuguano: inavuta boliti urefu ule ule, na kuvutika huko ndiko kunakobana gasketi. Kwa sababu hiyo hiyo, ule mtindo wa kurudi kukaza baada ya siku mbili hauhusiki na boliti hizi. Boliti ikilegea ghafla chini ya mkono katikati ya hizo nyuzi 90, simama. Uzi wa bloku au boliti yenyewe imekufa, na kuendelea ni kujidanganya.

Kemshafti zikirudi, kepu zina namba na mshale, kila moja mahali pake, Nm 13 kwa awamu. Linganisha alama za gia, toa ile boliti ya M6. Puli ya kemshafti ni Nm 59. Vaa mkanda mpya, achia kiegemeo kivutwe na springi yake, zungusha krenkshafti kwa mkono mizunguko miwili kamili, hakikisha alama zote zimerudi, ndipo ukaze boliti ya kiegemeo Nm 37. Kama kuna mahali krenkshafti imegoma, usisukume. Tafuta sababu. Boliti ya puli ya chini ni Nm 118, plagi Nm 18.

Kilichounguza gasketi

Kabla ya kutia maji, maliza upande huu. Themostati ichemshe kwenye sufuria pamoja na kipimajoto: ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84 za Selsiasi, na ikifika 95 iwe imefunguka angalau mm 8. Desturi ya kuitoa na kuitupa ili gari lisichemshe imeua hedi nyingi. Themostati hizi zina valvu ya pili inayoziba njia ya mkato ya maji injini ikipata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta.

Mfuniko wa rejeta unadharauliwa kwa kuwa ni mdogo. Presha yake, karibu kilo 0.9 kwa sentimita ya mraba, ndiyo inayozuia maji kuchemka yakipita nyuzi 100. Nairobi, kwenye mita 1,795, maji yasiyo na presha huchemka karibu nyuzi 94, yaani mfuniko mbovu unakunyang'anya akiba yote. Angalia pia kama feni inajiwasha, na upitishe mkono juu ya rejeta injini ikiwa na moto wa wastani na feni imechomolewa. Sehemu yenye ubaridi imeziba. Rejeta ya namna hiyo haitapanda mlima Kitonga ikiwa na mzigo.

Changanya kulanti halisi na maji yaliyosafishwa nusu kwa nusu, zaidi ya lita 5 kwa mfumo mzima. Fungua hita ya ndani iwe moto kabisa na ujaze taratibu, ukiminyaminya paipu ya juu hewa itoke. Tia oili kama lita 3 na umalizie kwa dipstiki. Kabla ya kuwasha, chomoa soketi ya distribyuta, piga stata mpaka taa ya oili izime, ndipo uirudishe. Injini ikiwaka, iache silensa (ingurume bila kukanyaga eksileta) mfuniko wa rejeta ukiwa wazi mpaka themostati ifunguke na kiwango kishuke, ongeza, funga, ungoje feni iwake na kuzima mara mbili. Moshi mweupe wa dakika za mwanzo ni maji yaliyobaki ndani ya ekzosi na utakwisha.

Kama maji yalikuwa yameingia kwenye oili, mwaga oili hiyo mpya injini ikiwa bado na moto, badilisha filta, jaza tena. Ndiyo maana nikasema filta mbili. Wiki ya kwanza tazama kiwango cha maji kila asubuhi injini ikiwa baridi, kwenye rejeta yenyewe pamoja na chupa ya akiba. Kushuka kidogo siku moja au mbili ni hewa inayomaliza kutoka. Kikiendelea kushuka na nje pakavu, rudi kwenye geji ya kompresheni kabla hujasafiri.